Breka Haimhesabu Mtu: Ufundi wa Kukata Umeme na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kueleza sayansi na teknolojia si mpya. Umeendeshwa katika makongamano, katika tasnifu na katika majarida ya vyama vya Kiswahili kwa miaka mingi, na aghalabu umeishia pale pale ulipoanzia. Upande mmoja hudai kwamba lugha hii haina istilahi. Upande wa pili hujibu kwa kutoa orodha ya istilahi. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimelikosa lengo. Istilahi haiwi lugha ya sayansi mpaka pawepo maelezo yanayoibeba, na maelezo hayo hayawezi kuachiwa wahandisi peke yao. Ni kazi ya wanakiswahili, na kucheleweshwa kwake kuna gharama ambayo hailipwi kwa maneno.

Ili hoja hii isielee hewani, itapimwa kwa vifaa ambavyo kila msomaji anaishi navyo, yaani swichi iliyo ukutani na breka iliyo ndani ya kisanduku kilicho karibu na mita. Vifaa hivi vina historia na vina watu waliovibuni. Aidha, vina jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha kwa lugha ya wanaovitumia: breka inayodhaniwa kumlinda mtu haikubuniwa kumlinda mtu. Anayeishi na dhana hiyo anaweza kufa nayo.

Mkono mzito na springi nyepesi

Mwaka 1884, katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, mhandisi John Henry Holmes alibuni swichi ya kukata umeme kwa haraka. Mji huo ulikuwa wa makaa ya mawe na meli, lakini ulikuwa pia miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa kuiona taa ya umeme, kwa kuwa Joseph Swan aliionyesha hadharani hapo mwaka 1879. Taa zilipoanza kuingia majumbani, tatizo lilijitokeza mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Kuiwasha taa hakukuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa kuizima.

Umeme hausimami kwa kuwa tu njia yake imekatwa. Vipande viwili vya shaba vinapoachana polepole, umeme huendelea kupita katika hewa iliyo baina yao, na hewa hiyo hugeuka kuwa ulimi wa moto wenye joto la maelfu ya digrii. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1,085 za selsiasi, kwa hiyo ulimi huo huila swichi kila inapozimwa, na mara nyingine huushika ukuta wa mbao ulio nyuma yake. Katika miaka hiyo umeme wa majumbani ulikuwa aghalabu wa mkondo mmoja, usiogeuka mwelekeo, na ulimi wa moto wa umeme wa namna hiyo ni mkaidi zaidi. Umeme unaotumika nchini Kenya leo hugeuka mwelekeo na kupitia sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila unapopitia hapo moto hupata nafasi ya kufa wenyewe. Ule wa Holmes haukuwa na nafasi hiyo.

Kilichofanya mambo kuwa mabaya zaidi ni mkono wa binadamu. Kuna anayezima taa kwa haraka na kuna anayeizima kwa uvivu; kuna mtoto anayechezea swichi nusu nusu, na kuna mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka. Holmes hakuwataka watu wabadili mikono yao. Aliuondoa mkono katika kazi hiyo. Ndani ya swichi yake, mkono hukaza springi tu. Springi inapofika mahali fulani hujifyatua, na ni hiyo inayovitenganisha vipande vya shaba kwa kasi ile ile, awe anayezima ni mwenye pupa au mwenye usingizi. Sauti ya “tk!” isikikayo swichi nyingi zinapobonyezwa hutokana na springi ya namna hiyo ikifanya kazi ambayo mkono haukuaminiwa kuifanya.

Yafaa kulitia maanani jambo hili. Tatizo lilikuwa la umeme, lakini jawabu lilikuwa la kimakanika: springi, ndoana na kitasa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho fundi wa jua kali hakijui kwa jina lake la Kiswahili. Anayedai kwamba ubunifu wa Holmes hauelezeki kwa lugha hii hajawahi kujaribu kuueleza.

Waya unaojitetea

Swichi ya Holmes ilimtegemea mtu aamue lini umeme ukatwe. Lakini hatari kubwa ya umeme huja wakati hakuna anayeamua. Nyaya mbili zikigusana ukutani usiku wa manane, au vyombo vingi vikiunganishwa katika soketi moja, waya hupata moto kupita kiasi, mpira wake ukayeyuka, na nyumba ikaanza kuungua kutoka ndani ya kuta.

Kinga ya mwanzo ilikuwa fyuzi: kipande cha waya mwembamba kinachowekwa njiani makusudi ili, umeme ukizidi, kiyeyuke chenyewe kabla waya wa nyumba haujayeyuka. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890 kama sehemu ya mfumo wake wa kusambaza umeme. Wazo ni zuri, ila lina udhaifu wa kibinadamu. Fyuzi ikishaungua lazima ibadilishwe, na binadamu aliye gizani hutafuta njia ya mkato. Mtu huweka waya mnene, au hata msumari, mahali pa waya mwembamba. Taa zinarudi, watu wanashukuru, na kuanzia saa hiyo nyumba haina kinga yoyote. Fyuzi imekuwa waya, na waya wa nyumba umekuwa fyuzi.

Mjini Mannheim, Ujerumani, Hugo Stotz na mhandisi wake Heinrich Schachtner walilijibu tatizo hilo kwa kifaa ambacho ombi lake la hataza liliwasilishwa mwaka 1924. Kifaa chao kiliundwa ili kiingie kwa kuzungushwa mahali pale pale pa fyuzi. Tofauti yake ni kwamba hakiungui. Umeme ukizidi hujikata. Sababu ikiondolewa, hurudishwa kwa kidole. Hicho ndicho babu wa breka ndogo zilizopangwa leo katika visanduku vya majumbani ulimwenguni kote.

Ndani ya breka ya aina hiyo mna walinzi wawili, na kila mmoja ana tabia yake. Wa kwanza ni ukanda wa metali mbili tofauti zilizoshikanishwa ubavu kwa ubavu. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenziwe, na ukanda mzima hupinda. Ufundi huo ulikuwa umejulikana tangu karne ya 18, fundi saa John Harrison alipoutumia ili saa zake za baharini zisipotoshwe na joto. Mlinzi huyu ni mvumilivu. Umeme ukizidi kidogo, husubiri. Ukiendelea kuzidi, hupinda hadi akaifyatua ndoana inayoizuia springi. Mlinzi wa pili ni koili ya waya inayogeuka kuwa sumaku umeme upitapo. Huyu hana subira. Nyaya zikigusana na umeme ukapanda ghafla, sumaku huivuta ndoana hiyo hiyo kwa muda ulio chini ya kupepesa jicho.

Kwa nini walinzi wawili? Kwa sababu kuna makosa ya aina mbili. Mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi, na si haki kuikatia kwa hilo. Nyaya zilizogusana nazo si za kusubiriwa hata kidogo. Hivyo breka ya ampea 20 ya aina inayoitwa C huweza kuvumilia ampea 25 kwa muda mrefu kabla ya kukata, lakini ikikutana na ampea 200 hukata papo hapo. Kuvumilia na kutovumilia vimewekwa ndani ya kasha lisilozidi upana wa vidole viwili, na vyote viwili humalizikia kwenye springi, kama ya Holmes.

Anayefia mbele ya breka

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kila kilichosemwa kuhusu breka kinahusu waya. Walinzi wote wawili huuliza swali moja tu: je, umeme unaopita ni mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba? Hakuna hata mmoja anayeuliza umeme huo unapita wapi.

Na ichukuliwe hesabu rahisi. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Mwili wa mtu aliyeshika waya ulio wazi huku amesimama sakafuni pasipo viatu huweza kuwa na ukinzani wa ohmu 2,000 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, umeme utakaompitia ni ampea 0.12, yaani miliampea 120. Kiasi hicho kinatosha kuuvuruga mdundo wa moyo. Lakini birika la umeme la wati 2,400 huvuta ampea 10, na breka ya ampea 20 hulitazama birika hilo bila kushtuka. Mtu huyu anavuta takriban sehemu moja ya themanini tu ya kile linachovuta birika hilo. Balbu moja ya kizamani ya wati 40 huvuta umeme mwingi kumshinda. Mbele ya breka, mtu anayekufa ni mzigo mdogo kuliko balbu. Breka haimhesabu.

Ni kweli kwamba kasha la chuma la jiko au friji likiwa limeunganishwa barabara na waya wa ardhini, hitilafu ya ndani huweza kuifanya breka ikate kabla ya mtu kuligusa. Lakini waya wa ardhini ukikosekana, au mtu akigusa waya wenyewe, breka nzuri kuliko zote sokoni haitasogea.

Kifaa kinachomhesabu mtu kipo, na sehemu muhimu ya historia yake ilitokea barani Afrika. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako wachimbaji walifanya kazi kwenye kina kirefu, penye maji na mashine za umeme, mhandisi Henri Rubin alitengeneza mwaka 1955 kifaa cha kukata umeme unaovuja. Cha kwanza kilikata palipovuja miliampea 250, kiasi ambacho bado ni kikubwa kwa mwili wa mtu, ingawa vifaa vilivyotangulia vilihitaji uvujaji mkubwa zaidi sana. Baadaye alikifikisha kwenye miliampea 20. Baada ya mwanamke mmoja kuuawa na umeme nyumbani katika kijiji cha wachimbaji cha Stilfontein, magharibi mwa Johannesburg, vifaa vyake mia kadhaa vilifungwa katika nyumba za kijiji hicho mwaka 1957 na 1958. Huko Marekani, Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa amepima kwa kutumia watu waliojitolea kiwango cha umeme ambacho mtu hawezi tena kuuachia waya alioushika. Kwa wastani alipata miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Mwaka 1961 alibuni kifaa kinachokata kwenye miliampea 5.

Utendaji wake ni wa hesabu ya karani. Umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ampea 3 zikienda, ampea 3 lazima zirudi. Zikirudi pungufu, hata kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali zimepotea, na huenda mahali hapo ni mwilini mwa mtu. Kifaa hakingoji kuambiwa; hukata kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Nacho kina mpaka wake. Anayeushika waya wa moto kwa mkono mmoja na waya wa kurudi kwa mkono wa pili, bila umeme kuvuja kwenda ardhini, ni sawa na balbu: kilichokwenda kimerudi, hesabu imelingana, na kifaa hakina la kusema. Ukweli huu nao unapaswa kuelezwa, maana kinga inayoaminiwa kupita uwezo wake ni mtego.

Kufunga, kufungua, kuzima, kukata

Msomaji anaweza kuuliza: haya yana uhusiano gani na idara za Kiswahili? Yana uhusiano mkubwa, na unaanzia kwenye vitenzi.

Mswahili hufungua mfereji maji yatoke, na hufungulia redio isikike. Akifunga mfereji, maji husimama. Akifunga redio, sauti hukoma. Katika lugha ya Kiingereza ya umeme mambo ni kinyume chake. Sakiti iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, kwa kuwa duara lake limekamilika. Sakiti iliyofunguliwa haipitishi kitu. Mfasiri atakayehamisha maneno hayo kama yalivyo atakuwa sahihi kwenye karatasi na hatari kazini. Kibarua akiambiwa kwamba “sakiti imefungwa” ataelewa, kwa mantiki ya lugha yake mwenyewe, kwamba umeme umezuiwa, naye atanyoosha mkono. Kiswahili tayari kina njia salama. Watu husema umeme umekatika, na waya umeunganishwa. Kukata na kuunganisha havina utata ulio katika kufunga na kufungua. Hakuna orodha ya istilahi itakayoligundua hilo. Huligundua mtu anayejaribu kueleza jambo lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa msikilizaji ambaye uhai wake unategemea kuelewa.

Kuna tofauti nyingine ambayo lugha inayo lakini haitumiwi vya kutosha. Kuwasha na kuzima ni vitenzi vya moto. Vilirithiwa kutoka kwenye koroboi na kandili. Koroboi ikizimwa, moto haupo. Taa ya umeme ikizimwa, giza lipo, lakini umeme huenda bado upo. Fundi aliyeiweka swichi kwenye waya wa kurudi badala ya waya wa moto ameacha umeme ukingoja kwenye kishikio cha balbu hata taa ikiwa imezimwa. Kwa hiyo kuzima si kukata. Sentensi hiyo ina maneno matatu, kila mtoto wa shule anaweza kuielewa, na ingefaa ibandikwe kwenye kila kisanduku cha umeme.

Jina liseme linalindwa nini

Wajerumani, ambao kwao breka hii ilibuniwa, wana majina mawili ya kifaa hicho. Jina rasmi ni Leitungsschutzschalter, yaani swichi ya kulinda waya. Jina la mtaani ni Sicherungsautomat, yaani fyuzi inayojiendesha, na wengi hulikata likabaki Automat tu. Majina yote mawili yanaishi bila kugombana. Lile la kwanza, kwa urefu wake wote, linasema ukweli unaohitajika: kinacholindwa ni waya.

Kiswahili cha Kenya kimepokea neno breka, na hakuna haja ya kulifukuza. Limekwisha kuzoea sarufi ya lugha, halichanganyiki na breki ya gari, na mafundi wanalielewa. Lugha iliyolichukua neno stima, lililoanza kwa meli ya mvuke, ikalifanya kuwa jina la umeme, haiwezi kuiogopa breka. Kinachokosekana ni utofautishaji. Breka inayolinda waya na ile inayomlinda mtu huchanganywa zote katika jina moja, au ya pili huitwa kwa herufi tatu za Kiingereza zisizomwambia mnunuzi chochote. Makala haya yanapendekeza jambo jepesi: breka ya waya na breka ya mtu. Mwenye nyumba akiulizwa na fundi, “Breka ya waya ipo, je, ya mtu unaitaka?” hatahitaji shahada kulielewa swali, wala hatalijibu kwa wepesi.

Huenda wapo watakaopendelea kuunda neno moja kwa kutumia “kinga”. Tahadhari inahitajika. Kingamwili huulinda mwili, ilhali kingamimba huizuia mimba. Mzizi ni ule ule, lakini uhusiano wake na neno linalofuata umegeuka. Kingaumeme basi itakuwa inaulinda umeme au inaukinga mtu dhidi yake? Mjadala huo ni mzuri kwa semina ya mofolojia. Fundi aliye juu ya ngazi hana nafasi ya kuuingia.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba sayansi katika shule za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na kwamba kuielezea kwa Kiswahili ni kuongeza mzigo. Hoja hiyo inasahau ni nani anayeishi na umeme. Tangu mradi wa serikali wa kusambaza umeme vijijini na mitaani ulipoanza mwaka 2015, idadi ya wateja waliounganishwa nchini imepanda hadi kupita milioni 9. Miongoni mwao wamo wazee na akina mama ambao darasa la fizikia hawakulifikia kamwe. Umeme uliingia nyumbani mwao. Maelezo yakabaki mlangoni.

Wengine watasema kazi hiyo imekwisha kufanywa. Ni kweli kwamba wataalamu wa lugha hawakulala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kamusi ni ghala. Ghala lililojaa nafaka halimshibishi mtu mpaka mtu apike. Kinachohitajika sasa ni wapishi: waandishi wa nathari ya kufafanua, wanaoweza kumshika msomaji mkono kutoka kwenye springi ya Holmes hadi kwenye hesabu ya Rubin bila kumpoteza.

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya nyumba yenyewe. Baadhi ya wanafasihi huona kwamba uandishi wa aina hii si fasihi, hivyo hauwahusu. Je, kumfanya msomaji akione kisichoonekana si kazi ambayo mwanafasihi amefundishwa kwa miaka mingi? Umeme hauonekani. Anayeueleza anahitaji tashbihi isiyodanganya, mfuatano usioruka hatua na kitenzi kinacholingana na kitendo. Stadi hizo hufundishwa katika idara za Kiswahili, si katika karakana.

Hitimisho

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja sera wala bajeti. Mwalimu wa insha anaweza kumpa mwanafunzi kazi ya kueleza kifaa kimoja cha nyumbani kwa kurasa tatu, kisha insha hiyo ikasomwe mbele ya fundi, naye awe mtahini wa pili. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuwatembelea mafundi na kukusanya msamiati wao kabla ya kuwaundia mwingine. Watahiniwa wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kuichunguza lugha ya karakana kwa makini yale yale wanayoyatumia kuichunguza riwaya. Na kurasa za jarida hili zinaweza kutenga nafasi kwa makala ya ufundi yaliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka.

Holmes aliutazama mkono wa binadamu na kukiri kwamba hauwezi kuaminiwa kukata umeme kwa kasi inayofaa. Stotz na Schachtner waliutazama waya na kuupa walinzi wawili. Rubin alimtazama mchimbaji aliye ndani ya shimo lenye maji na kutaka naye ahesabiwe. Kila mmoja wao alianza kwa kuuliza nani au nini kiko hatarini. Swali hilo hilo linawakabili wanakiswahili. Wakiendelea kubishana kama istilahi ya breka iwe hii au ile, watu wataendelea kuamini kwamba kisanduku kilicho ukutani kinawalinda, na kisanduku hicho kitaendelea kuulinda waya.